Gari Iliyowashwa Kabla Hujafika

Watu wakisikia mkwe wangu ni muuza magari yaliyotumika, wanashika mifuko yao. Mimi mwenyewe nilishika wa kwangu siku aliyokuja kuposa. Nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, huyu atakuuza na wewe, na mnunuzi ataambiwa umetembea kidogo tu, tena barabara ya lami." Binti akacheka. Alikuwa ameshapenda, na mtu aliyependa ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza moto ni wa rangi gani.

Basi wakaoana. Kodi ikawashinda, wakahamia kwangu, kwenye vile vyumba viwili vya uani. Kwa hiyo mtu huyu nimemwona akipiga mswaki, nimemwona na homa, nimemwona akila na nimemwona akisema ameshiba wakati sufuria tupu. Ninayoyasema siyo ya kusikia dirishani. Machache ndiyo ya dirishani, lakini dirisha ni langu.

Kule yadi walimwita Taratibu. Wauzaji wenzake wakimwona mteja wanamrukia getini kama wamekamata mwizi wa kuku. Huyu anamshika mkono, yule anamvuta shati, wa tatu ameshafungua mlango wa gari ambayo mtu hakuiuliza. Mkwe wangu anakaa pale kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini, anamwacha mteja azunguke mpaka achoke. Mteja akichoka, mwenyewe anakuja. Akianza kuhema hema na kutaka aambiwe yote kwa mpigo, mkwe wangu anamwambia, "Taratibu mzee wangu, gari haikimbii." Hapo ndipo jina lilipotoka. Siku hizi hata mkewe akimgombeza hulitumia.

Jioni akirudi, anakaa kwenye ngazi yangu anavua viatu, anaanza. "Mama, leo nimejifunza kitu."

"Sema, maana viatu vyako vinanuka, tumalize haraka."

"Yule anayepiga tairi teke hajui gari. Ameona wenzake wanapiga, na yeye anapiga. Anayeisema vibaya, mara rangi mbaya, mara viti vimechoka, huyo ndiye anaitaka. Anayeisifu anasubiri mvua ikatike aende zake."

Siku nyingine: "Mama, akija mtu na mkewe, mume ataniuliza injini, ataniuliza gia, atajitia fundi. Mke atafungua mlango wa nyuma, atakaa, atanyamaza. Mimi naongea na aliyenyamaza. Huyo anapima watoto watakaa vipi, na akishuka kanisani au msikitini wenzake watamwona vipi. Akisema twende, mume atanunua. Akisema turudi nyumbani tukafikirie, hawarudi."

"Na anayenunua siku ileile?"

"Huyo kuna kitu kimemkimbiza nyumbani. Namuuliza kwanza kuna nini."

"Unamuuliza ya nini? Si umuuzie?"

"Siku mbili tatu atairudisha, mama, akilia. Na kelele zake zitanikuta mimi, hazitamkuta mwenye yadi."

Nilikuwa namsikiliza nikijifanya nachambua mchele. Nasema ukweli, nilikwenda shule mpaka kusoma jina langu, basi, lakini ngazi ile imenifundisha watu kuliko ningefundishwa na mwalimu yeyote mwenye chaki.

Kuna somo moja tu ambalo hakunisimulia. Lile nililiona. Nilimpelekea chakula asubuhi mapema, amekisahau, nikakuta geti limefungwa na ndani wauzaji wote wanazunguka na funguo, wanawasha magari. Hii imewaka, wanahamia ile. Yadi nzima moshi. Nikauliza, kuna safari? Akaniambia hapana mama, tunayaamsha.

"Yana usingizi?"

Akaangalia chini. Kisha akanieleza, maana hajui kunificha. Kumbe gari kuukuu ni kama mimi, mtu niliyezaa nikalea. Asubuhi goti linalia, kiuno kinalia, nakohoa mpaka jirani anauliza kama nimeamka. Nipe muda nipate joto, utadhani naweza kuolewa tena. Na gari iliyokwisha ndiyo hivyo. Ikiwashwa baridi inagonga, inatoa moshi, inakataa kabisa. Ikipata moto inanyamaza, inaunguruma kama paka aliyeshiba. Kwa hiyo mteja anakuta kila kitu kimeshachemka, anasikia paka, analipa.

"Na mwenye akili?"

"Mwenye akili anashika boneti kabla ya kushika kitu kingine. Akikuta ni ya moto anauliza nani ameiwasha. Tukiona mtu wa namna hiyo, hatumfuati."

"Na wewe unajiita mkweli."

"Simwambii mtu uongo, mama. Nawasha tu."

Niliguna. Anaujua mguno wangu, alikosa raha siku nzima. Lakini mwenye yadi ndiye aliyetaka magari yaamshwe, na asiyeamsha hana kazi.

Na huyo mwenye yadi sasa. Mtu mzima, tumbo limemtangulia, ofisi ina kioo kikubwa anakaa nyuma yake kama samaki. Hamwiti mfanyakazi kwa jina lake, wala kwa baba, wala kwa kaka. Anapiga mluzi. Mluzi mmoja, njoo. Miluzi miwili, njoo mbio. Mkwe wangu ameingia pale kichwa cheusi, sasa mvi zimejaa mpaka kwenye nyusi, na bado anapigiwa mluzi na anakwenda. Siku moja wajukuu zangu walikuwa wanacheza uani, mmoja akampigia mwenzake mluzi. Baba yao aliinuka, sijapata kumwona vile, akamnasa kibao mtoto ambaye hajawahi kumgusa. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Binti yangu akasimama nje ya mlango ule na taulo mkononi, hajui aingie au asiingie.

Tangu hapo nilijua anataka nini. Hakutaka jumba, hakutaka utajiri. Alitaka atoke kwenye ule mluzi. Mpango wake ulikuwa mdogo: ajibane, anunue gari moja nzuri, aisafishe, aiuze hapa nyumbani kwangu mbele ya geti, anunue nyingine. Moja moja, taratibu. Wakajibana, na mimi nikajibana nao bila kuombwa. Binti yangu anasuka nywele barazani, akaongeza vichwa. Nyama tukaisahau sura. Mpaka siku ikafika, akaenda kwenye kile kioo, akamwambia mwenye yadi, "Bosi, asante kwa yote, mimi nimefika mwisho." Mkwe wangu alituambia bosi hakuamini, alitoa mluzi mdogo wa mshangao tu, na yeye akaondoka akiuacha nyuma yake.

Kulikuwa na yadi nyingine upande wa pili wa mji, na muuzaji mkuu wa huko alikuwa mwanafunzi wake. Mimi namwita Mtanashati. Shati jeupe, kiatu kimechongoka, manukato yanafika kabla yake. Alikuja kwa mkwe wangu zamani hajui hata boneti inafunguliwa wapi, akafundishwa kila kitu pale kwenye ile ndoo. Alikuwa akila kwangu. Sahani yangu. Basi mkwe wangu akasema, nikanunue wapi pengine? Nitakwenda kwa kijana wangu.

Tulikwenda watatu, mimi na wao wawili. Nilivaa kitenge changu cha kutokea.

Tumeingia tu getini, sauti: "Mwalimu! Mwalimu wangu huyo! Jamani simameni wote, huyu ndiye aliyenishika mkono!" Na wauzaji wakasimama kweli, mmoja mmoja, wakija na mikono miwili kumsalimia. "Leteni kiti! Siyo hicho, we, cha ofisini!" Kikaja kiti kile cha kuzunguka. Zikaja soda. Mtanashati akainama mbele yangu mpaka nikaona kisogo. "Shikamoo bibi yangu."

"Marahaba, baba."

Niliitikia. Ilikuwa mara ya mwisho, lakini wakati huo sikujua. Soda nayo niliinywa, sikatai. Soda haina kosa.

Akasema, "Mwalimu, usihangaike. Nimekuchagulia kitu. Ile pale kivulini, na nimeshakuwashia." Vani nyeupe, imesimama inaunguruma, imeoshwa mpaka tairi zinang'aa.

Sasa mtazame mkwe wangu. Mtu ambaye miaka yote amewawashia wengine. Hajawahi kukalishwa kwenye kiti na muuzaji, hajawahi kuona mtu akisimama kwa ajili yake. Niliona shingo inarefuka. Aliizunguka ile gari mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akafungua milango, akafunga. Akasikiliza, paka aliyeshiba. Kisha akafika mbele, mkono wake ukanyanyuka kuelekea kwenye boneti. Niliuona kwa macho haya. Mtanashati alikuwa anamtazama, anatabasamu, na nyuma yake wale wote bado wamesimama. Mkono ukafika katikati ya njia. Ukageuka, ukaenda kurekebisha kola ya shati.

Baadaye aliniambia, "Mama, ningeishika vipi? Watu wamesimama kwa ajili yangu. Kushika ni kumwambia mbele yao, wewe mwizi."

"Na alikuwa nani?" nikamuuliza. 

Alivishwa kilemba cha ukoka, na kikamkaa vizuri. Akalipa. Tukarudi nyumbani ndani ya vani yetu, binti yangu akiwapungia mkono hata watu asiowajua.

Asubuhi akatoka kuiwasha. Mimi nilikuwa nimelala, ile gari imeegeshwa chini ya dirisha langu. Kwanza ilikataa. Ikakataa tena. Ilipokubali, nilidhani mtu anavunja geti la bati kwa nyundo. Ga, ga, ga, ga, ukuta unatikisika, na moshi wa bluu ukaingia dirishani ukanikuta kitandani. Nikatoka na kanga moja. Nikamkuta amesimama pembeni, mikono imelegea, anaisikiliza. Ikagonga, ikagonga, kisha taratibu ikaanza kutulia. Mpaka wajukuu wanakwenda shule, paka amerudi.

 Mkwe wangu alijua kabla yetu sote. Fundi aliyekuja kuiona aliweka sikio, akafungua, akafunga, akapangusa mikono. "Mzee, hii injini imekwisha, imebaki kuomba radhi tu. Kuitengeneza ni kununua nyingine."

Alirudi kwa Mtanashati. Safari hii hapakuwa na kiti. Yule bwana alimsikiliza getini, nusu ndani nusu nje, kisha akamwambia kwa adabu zake zile zile, "Mwalimu, ikishavuka geti ni yako. Si wewe ulinifundisha?"

Na kweli alimfundisha. Maneno yale mkwe wangu amewaambia watu wangapi, hata yeye hajui. Alirudi akaniambia hivyo hivyo bila kujipunguzia, akaenda kulala mchana, mtu ambaye halali mchana.

Mimi ndiye niliyemwamsha. Nilimwambia, "Inuka. Iuze."

"Mama, ni mbovu."

"Ulipouziwa ilikuwa nzuri? Aliyekuuzia alilala siku ile? Alilala, tena na feni. Basi uza na wewe ulale. Una kazi ya kuiamsha tu, na hiyo unaijua kuliko watu wote wa mji huu."

"Ni tofauti, mama. Kule ilikuwa yadi ya mtu."

"Na hapa ni wapi? Unataka nini, urudi ukapigiwe mluzi?"

Nilijua nimempiga pale penyewe. Nilikusudia. Binti yangu alikuwa mlangoni, hakunikataza. Na ndivyo ilivyokuwa, asikudanganye mtu: ama ile vani itoke mbele ya dirisha langu kwa bei ya gari nzima, ama baba wa wajukuu zangu arudi kwenye mluzi. Katikati hapakuwa na kitu.

Mnunuzi tulimpata barazani kwetu. Mwanamke mmoja anayeoka mikate, mnene, mcheshi, anasukwa na binti yangu, tunamwita Mama Mikate. Siku hiyo kichwa kimeinamishwa mapajani kwa binti yangu, jicho moja linaangalia nje, akauliza, "Ile gari inauzwa?"

Kitana kikasimama. Binti yangu akanitazama. Mimi nikamtazama Mama Mikate. "Inauzwa," nikasema. "Njoo kesho, mwenyewe atakuwapo."

Kesho yake kabla hakujapambazuka vizuri, nikasikia geti linafungwa na vitambaa vinasukumwa chini yake, moshi usitoke. Kisha nyundo zikaanza. Alikuwa ndani ya gari ameinamia usukani, anaiamsha. Nikafunga dirisha nikajisemea, haya, mwanaume sasa.

Mama Mikate alifika watu wakinywa chai, ametoka kugawa mikate, unga bado uko kwenye viwiko. Vani imesimama inaunguruma. Mkwe wangu amemwekea kiti kivulini, kile kizuri cha sebuleni. Mimi niko kwenye ngazi yangu. Binti yangu anapanga nywele za bandia ambazo zimeshapangwa.

Yule mwanamke akasimama, akashika kiuno, akacheka. "Ehe! Umeshaniwashia! Na kiti! Baba, wewe una adabu. Huko kwenye mayadi wamenisimamisha juani, wananiangalia vidole vyangu vya unga kama nimekuja kuomba. Hakuna aliyeniambia hata karibu mama. Wewe umeniwashia kabla sijafika."

 Nikamkonyeza mkwe wangu, sema karibu mama, sema chochote. Hakuniangalia.

Mama Mikate akaenda nyuma, akafungua milango, akanyoosha mikono kupima. "Trei zangu zitaingia. Hapa nitaweka rafu, na hapa rafu. Unajua mimi natoka alfajiri, baridi hiyo, jogoo hajui bado. Mikate ikichelewa madukani wanachukua ya mwingine, na ukishatoka kwenye rafu ya duka hurudi tena. Nataka gari ambayo nikigusa ufunguo inaitika. Hii inaitika, eti baba?"

Hapo ndipo mkwe wangu alipoingiza mkono dirishani akazima. Ukimya ule, mpaka nikasikia maji yanachuruzika bombani kwa jirani.

"Mama," akasema, "weka mkono hapa."

"Wapi?"

"Kwenye boneti."

Akaweka, akautoa. "Ya moto."

"Ndiyo. Siku nyingine ukienda kununua gari, popote, hata kwa mtu anayekupa kiti, hasa kwa anayekupa kiti, shika hapa kwanza. Ukikuta ya moto, uliza nani ameiwasha, na kwa nini."

Mama Mikate akacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kinarudi nyuma. "Si umeiwasha wewe? Ili mimi nisisumbuke."

"Nimeiwasha mimi ili usiisikie inavyoamka. Hii haitaitika alfajiri, mama. Ni mbovu."

 Niliona inamwingia yule mwanamke, kama mtu anayekunywa kitu akakuta chumvi. "Kwa hiyo ulitaka kuniingiza mkenge."

"Nilitaka."

"Na mkeo? Huyu ninayempa kichwa changu? Alijua?"

Binti yangu akainamia zile nywele za bandia.

"Na bibi je? Bibi na mvi zako?"

"Mimi nimekaa mlangoni kwangu," nikamwambia.

Akapangusa ule mkono kwenye sketi, akaupangusa tena, kama boneti ilikuwa na kinyesi. "Familia nzima," akasema. Akaenda zake, na kile kiti kizuri akakipita bila kukikalia.

Nilimtolea uvivu mkwe wangu siku ile. Nilimwita majina ambayo wajukuu wameyashika mpaka leo. Nilimwambia, ungenyamaza tu! Nani alikuomba hotuba? Na mteja wa mkeo umemfukuza! Alikaa kwenye ngazi, havui viatu, ananisikiliza mpaka nikakosa pumzi.

Kisha akasema, "Mama, umemsikia alivyoniambia? Una adabu, umeniwashia. Ndivyo nilivyosema mimi kule kwa kijana wangu, moyoni. Maneno yale yale. Nilimwona amevaa uso wangu."

Nikamwambia uso haulishi watoto. Na hata leo nasema angeiuza. Sijabadilika. Lakini nilinyanyua kile kiti kizuri, nikakirudisha sebuleni.

Jumatatu akapiga pasi shati, akarudi kule kwenye mluzi. Nilimfuata nyuma na chakula, kwa kisingizio cha chakula. Alifika akasimama katikati ya yadi, kwenye jua, kofia mkononi. Yule samaki alimwona kupitia kioo. Akamwacha asimame. Wauzaji wenzake walijitia wanafuta magari. Kisha mluzi ukalia. Mmoja.

Na mkwe wangu akaenda.

Nikaweka chakula pale kwenye ile ndoo nikarudi nyumbani. Njiani vumbi liliniingia machoni.

Alipewa kazi ya kuosha magari. Kuuza, aliambiwa, tutaona. Ile vani aliikata vipande, akawauzia mafundi, na kila fundi akaambiwa wazi nini kimekufa na nini kizima. Ilitoka kidogo kidogo kama sukari inayoibwa jikoni. Kilichobaki mwishoni ni kiti cha dereva, hakuna aliyekitaka, nikakidai mimi. Nimekiweka barazani.

Hayo mengine nimeyapata kwa Mama Mikate mwenyewe, maana alirudi kusukwa. Alifika tu akakaa kama hajawahi kutununia, kichwa mapajani, akaanza:

"Nimenunua gari jana. Nilizunguka mayadi yote. Kila nikiweka mkono kwenye boneti, ya moto! Kila nikiuliza nani amewasha, wananitazama kama nimewaombea kifo. Nikasema, basi. Nikaenda pale kwa mumeo alfajiri, na mikate yangu begani, geti limefungwa. Mlinzi akaniuliza unamtaka nani? Nikamwambia namtaka yule mzee aliyeniambia nishike. Akacheka, akamwita. Katoka na ndoo ya maji. Nikamwambia, niingize kabla hamjaamsha hata moja. Akaniingiza."

"Akakuingiza?" Binti yangu kitana juu.

"Tukawasha mimi na yeye, moja moja, za baridi. Hii ikakohoa, akasema hapana mama. Ile ikakataa, akasema hapana. Ya nne, nikagusa ufunguo, ikaitika. Akasikiliza sana. Akasema, hii milango ya nyuma imeshika kutu, na itakula mafuta kuliko utakavyopenda, lakini itaamka. Nikasema ndiyo hiyo. Hapo mwenye yadi akafika na tumbo lake, akaona mwosha magari ananiuzia. Akapiga mluzi!"

"Eh!"

"Nikageuka huku na huku. Nikamuuliza, bwana, kuna mbwa humu? Mimi naogopa mbwa. Akasema hapana, namwita huyu. Nikamwambia, huyu ndiye ninayemlipa, na kama hana jina hapa kwako, basi sijui nitamkabidhi nani pesa."

Binti yangu alicheka mpaka akamvuta nywele. Kisha akalia. Mama Mikate akamwambia, "We, lia pembeni, usinilowanishe kichwa."

Msifikiri yadi ile imekuwa msikiti. Wengine bado wanaamsha kila asubuhi, moshi ule ule. Bosi naye hajaokoka. Ila mkwe wangu amerudi kwenye kuuza, na wapo watu siku hizi wanafika geti halijafunguliwa, wanasema wametumwa na Mama Mikate, wanamtaka mzee wa baridi. Bosi anawaruhusu, kwa sababu wananunua. Mbele ya watu anamwita Taratibu. Nyuma ya watu mluzi bado unatoka, nimeambiwa. Mkwe wangu anasema siku nyingine anajifanya hausikii, na bosi inabidi ainue lile tumbo aje mwenyewe.

Mtanashati hupita hapa kwangu, njia ni ya wote. Anapunguza mwendo, anashusha kioo, manukato yanatangulia. Ananikuta nimekaa kwenye kiti kile kile alichotuuzia, nachambua mchele. "Shikamoo bibi!"

Namtazama. Marahaba naijua, iko hapa mdomoni. Naimeza. Anasubiri, anapandisha kioo, anakwenda. Shikamoo zake zote ziko hapo nje zinaning'inia.

Juzi mkwe wangu alikuwapo, anavua viatu kwenye ngazi. Akaniambia, "Mama, mwitikie tu. Ni kijana. Yamekwisha."

"Taratibu, baba," nikamwambia. "Marahaba haikimbii."